Mshambuliaji wa halingi nchini Ayalandi, klabuni na kwenye timu ya kaunti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Halingi ni mchezo gani? Si ndiyo hoki?

Hapana, ingawa wote wanashika magongo. Waayalandi wenyewe huandika hurling. Hapa tunaandika halingi. Wachezaji ni 15 kwa 15, kwenye uwanja wenye urefu wa mita 130 hadi 145 na upana wa mita 80 hadi 90, yaani mrefu kuliko uwanja wa soka. Katika hoki mpira hukaa chini. Katika halingi mpira unapaa, unadakwa kwa mkono, unabebwa juu ya gongo huku mtu akikimbia, kisha unapigwa hewani na kwenda mita 80 au zaidi. Chama kinachosimamia mchezo huu, GAA, kiliundwa mjini Thurles tarehe 1 Novemba 1884, lakini mchezo wenyewe ni wa kale kuliko chama kwa karne nyingi. Mwaka 2018 UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Matokeo kama 2-15 yanasomwaje?

Namba ya kwanza ni magoli, ya pili ni pointi. Goli la halingi lina umbo la herufi H: nguzo mbili zilizoachana mita 6.5, na mtambaa panya ulio mita 2.5 kutoka ardhini. Mpira ukipita chini ya mtambaa panya ni goli, lenye thamani ya pointi tatu, na mwamuzi wa goli mwenye koti jeupe hupeperusha bendera ya kijani. Ukipita juu, katikati ya nguzo, ni pointi moja na bendera nyeupe. Kwa hiyo 2-15 ni 6 jumlisha 15, sawa na 21, na timu yenye 0-22 imeishinda ingawa haikupata goli hata moja. Wageni hujikwaa sana hapa. Usihesabu magoli kwanza.

Washambuliaji ni wangapi, na kila mmoja anafanya nini?

Ni sita, katika mistari miwili. Namba 10, 11 na 12 ndio mstari wa nyuma wa ushambuliaji, karibu na viungo. Namba 13, 14 na 15 hukaa karibu na goli la adui.

Kazi za mistari hii hazifanani. Kipa akipiga mpira kutoka golini kwake, mara nyingi humtafuta namba 10, 11 au 12, ambaye lazima auruke na kuudaka angani akiwa na beki ubavuni. Ukitazama kwa karibu utaona namna ya kudaka: gongo huinuliwa kwa mkono mmoja na kuwekwa kama ngao pembeni ya kiganja kinachodaka, ili gongo la beki ligonge mti, lisigonge vidole. Anayesahau ngao hiyo huondoka na kidole kilichovunjika. Kidole kilichovunjika kwenye mchezo huu ni kama vumbi kwenye viatu.

Wale wa mbele kabisa wanahitaji kitu kingine, yaani hatua mbili tatu za kasi na mkono mfupi. Tunasema mkono mfupi kwa sababu beki ana haki ya kuweka gongo lake njiani ili kuzuia gongo linaloshuka. Anayerudisha gongo nyuma sana kabla ya kupiga atazuiwa kila mara, hata awe na nguvu za ng'ombe. Makocha wa vijana hurekebisha kosa hili mapema kuliko yote.

Gongo lake likoje?

Kwa Kiayalandi linaitwa camán. Kwa kawaida huchongwa kwa mti wa ashi, na hukatwa sehemu ya chini kabisa ya shina, pale linapoanza kupinda kuingia mizizini. Sababu ni nyuzi za mti: zinapofuata mkunjo wa bapa, gongo hupinda kidogo likigongwa na kurudi lilivyokuwa. Likichongwa kutoka sehemu iliyonyooka, nyuzi hukatika pale penye mkunjo, na gongo hupasuka kwenye bapa baada ya mgongano wa kwanza wa maana.

Watu wazima wengi hutumia gongo la inchi 32 hadi 36. Washambuliaji wa siku hizi hupenda fupi kidogo, kwa sababu ileile ya mkono mfupi. Upana wa bapa hauruhusiwi kuzidi sentimita 13, isipokuwa kwa kipa. Bapa hufungwa ukanda mwembamba wa bati ili lisipasuke, na mpini huzungushiwa utepe wa kushikia. Mchezaji makini huenda kwenye mechi na magongo matatu au manne yenye uzito unaofanana, kwa sababu moja likivunjika dakika ya 60 hana muda wa kuzoea jingine.

Tangu ugonjwa wa miti ya ashi ulipogunduliwa Ayalandi mwaka 2012, mbao nzuri zimeadimika. Magongo ya mwanzi na ya plastiki ngumu yameingia sokoni. Wazee wanayanung'unikia, vijana wanayatumia.

Mpira unaitwa sliotar. Una moyo wa koki, ngozi juu na mshono ulioinuka, kipenyo cha milimita 69 hadi 72 na uzito wa gramu 110 hadi 116. Helmeti yenye kinga ya uso ni lazima kwa kila mchezaji tangu Januari 2010. Ikishakatwa au kupindwa waya ili mtu aone vizuri, hesabu kwamba haipo.

Anaruhusiwa kukimbia na mpira mkononi?

Hatua nne tu. Baada ya hapo lazima aupige, autoe kwa kiganja au auweke juu ya bapa la gongo. Ukiwa juu ya bapa anaweza kukimbia nao apendavyo, lakini mkononi haurudi zaidi ya mara mbili katika umiliki mmoja. Tena haruhusiwi kuuokota chini kwa mkono: lazima auinue kwa gongo au kwa mguu kwanza.

Mshambuliaji anapopoteza mpira mbele ya goli, mara nyingi si kwa sababu beki amemshinda. Amedaka mara mbili, akauweka kwenye gongo, akajisahau na kuudaka mara ya tatu. Refa anapuliza, nafasi imekwenda. Hatua ya tano nayo hutokea hivyohivyo, hasa mtu akisukumwa na kujaribu kujiweka sawa.

Mpira wa adhabu unapigwaje? Kwa nini mtu mmoja ndiye hufunga nusu ya pointi za timu?

Kwa sababu faulo ni nyingi, na mpigaji mzuri hufunga hata kutoka nusu yake ya uwanja. Yeye ndiye benki ya timu.

Mpigaji husimama pembeni ya mpira, si nyuma yake, mpira ukiwa karibu na mguu wa mbele. Mkono wenye nguvu hushika mwisho wa juu wa mpini, mwingine hukaa katikati. Hukunja magoti na kuinama mpaka mpini ulale karibu sambamba na nyasi, kisha ncha ya bapa huteleza chini ya mpira na kuuinua. Hapo mguu wa mbele hupiga hatua kuelekea goli, mkono wa chini hupanda mpini kukutana na wa juu, na mpira hupigwa ukiwa kati ya goti na nyonga. Haruhusiwi kuugusa kwa mkono.

Makosa yanajirudia yaleyale. Mpini ukisimama wima mno, bapa huusukuma mpira kwenye nyasi badala ya kuuinua. Ukiinuliwa karibu sana na mwili, viwiko hubanwa na mpira huenda kombo. Kichwa kikiinuka mapema kutazama goli, bapa huugonga mpira juu na hautapaa. Na kama haukuinuka mara ya kwanza, sheria haitoi nafasi ya pili ya kuuinua: lazima upigwe hapohapo chini bila kuchelewa.

Hii ndiyo sababu wapigaji wakubwa hurudia mwenendo uleule kila mara, pumzi zilezile na kutazama nguzo kulekule. Wanafanya mazoezi peke yao na ndoo ya mipira, kabla wenzao hawajafika au baada ya wenzao kuondoka. Kwa maoni yetu hapa ndipo umri wa mshambuliaji unapoamuliwa: kasi huanza kupungua mtu akifika miaka 30, lakini mkono wa mipira ya adhabu unaweza kumweka kikosini miaka mingine sita.

Na penalti? Na ule mpira wa pembeni?

Penalti huwekwa mita 20 kutoka golini, mpigaji na kipa peke yao. Zamani walinzi watatu walisimama kwenye mstari. Wapigaji nao wakawa wanaurusha mpira mbele mita kadhaa wakati wa kuuinua, ili waupige wakiwa karibu. Aliyeigeuza mbinu hiyo kuwa silaha ni Anthony Nash, kipa wa kaunti ya Cork. Sheria ikabadilishwa: mpira usipigwe ukiwa umevuka mstari wa mita 20, na tangu 2015 kipa abaki mmoja.

Mpira wa pembeni hupigwa ukiwa umelala chini, bila kuinuliwa. Mpigaji hukata nyasi chini yake kwa ukingo wa bapa, mpira unapanda huku ukizunguka. Ni pigo gumu kuliko yote, na likipita juu ya mtambaa panya ni pointi moja tu. Joe Canning wa Galway alifunga manne ya namna hiyo katika nusu fainali moja dhidi ya Limerick mwaka 2020. Galway walishindwa hata hivyo.

Klabu na kaunti, kipi kinatangulia?

Klabu. Klabu ni parokia: pale ulipozaliwa, ulipobatizwa, ulipoanza shule. Mtu hachagui klabu kama anavyochagua simu, na kuhama kuna masharti magumu. Timu ya kaunti ni wachezaji bora waliochaguliwa kutoka klabu zote za kaunti hiyo. (Kaunti hapa ni eneo la jadi, 32 kisiwani kote, msomaji wa Kenya asitafute gavana.) Mchezaji wa kaunti habadilishi klabu, anabeba vyote viwili.

Tazama Henry Shefflin. Kijiji chake ni Ballyhale, kusini mwa Kilkenny, mahali padogo unapopita kwa gari bila kuhisi. Kwa kaunti alitwaa ubingwa wa Ayalandi mara 10 kati ya 2000 na 2014. Kwa klabu yake, Ballyhale Shamrocks, alitwaa ubingwa wa klabu mwaka 2007, 2010 na 2015, kisha akarudi kama kocha na kuubeba tena 2019 na 2020. Klabu hiyohiyo ya kijiji imetoa pia T.J. Reid, mchezaji bora wa mwaka 2015, na ina mataji tisa ya klabu bingwa, ambayo hakuna klabu nyingine iliyoyafikia.

Kijana anafikaje kwenye timu ya kaunti?

Hupitia timu za watoto za klabu, kisha shule ya sekondari, timu ya kaunti ya chini ya miaka 17, ya chini ya miaka 20, na pengine mashindano ya vyuo vikuu, Kombe la Fitzgibbon. Wengi hukwama kati ya miaka 17 na 20. Yule aliyekuwa akifunga kwa ukubwa wa mwili anakutana na mabeki wakubwa kama yeye, na hapo inabainika kama ana mkono wa kushoto na wa kulia. Mshambuliaji anayepiga upande mmoja tu husomwa ndani ya dakika kumi.

Wakati mwingine mlango hufunguka ghafla. Mwaka 2013 Shane O'Donnell wa Clare, mwenye miaka 19, aliambiwa siku ileile ya fainali ya marudio dhidi ya Cork kwamba ataanza. Akafunga 3-3.

Mwaka wake umepangwaje?

Januari hadi Aprili ni ligi ya taifa ya kaunti. Aprili inaanza michuano ya majimbo, Munster na Leinster, ambayo tangu 2018 huchezwa kwa mtindo wa kila timu kukutana na nyingine, na timu tatu za juu kila upande zinaendelea. Fainali ya ubingwa wa Ayalandi, yaani Kombe la Liam MacCarthy, huchezwa Julai katika uwanja wa Croke Park, Dublin, wenye nafasi za watu 82,300. Baada ya hapo mchezaji hurudi klabuni: ubingwa wa klabu ndani ya kaunti, halafu jimbo, halafu taifa, na fainali ya klabu huja Januari. Anayefika mbali pande zote mbili hana likizo.

Mechi za klabu ni dakika 60. Mechi za ubingwa wa kaunti za wakubwa ni dakika 70. Dakika kumi hizo ndizo zinazowamaliza washambuliaji wageni.

Analipwa kiasi gani?

Halipwi. Huu ni mchezo wa ridhaa hata mbele ya watu 82,300. Mchezaji wa kaunti hurudishiwa nauli za mazoezi, hupata ruzuku ya serikali ambayo haitoshi kuishi, na anaruhusiwa kutangaza bidhaa. Jumatatu baada ya mechi yuko kazini. Walimu ni wengi, kwa sababu likizo zao zinaendana na msimu. Reid anaendesha jimu. O'Donnell ana shahada ya uzamivu katika mikrobiolojia.

Ni majeraha gani humtoa mshambuliaji?

Vidole, kama tulivyosema. Misuli ya nyuma ya paja, kutokana na kuondoka kwa kasi na kusimama ghafla. Kubwa kuliko yote ni ligamenti ya ndani ya goti, ambayo hukatika mtu anapogeuka mguu ukiwa umenasa kwenye nyasi, mara nyingi bila kuguswa na yeyote. Kurudi huchukua miezi tisa hivi.

Shefflin alikatika goti katika fainali ya 2007 na kutoka mapumziko. Mwaka 2010 akaumia goti la pili kwenye nusu fainali. Kilkenny walikuwa wanatafuta ubingwa wa tano mfululizo, akafungwa vizuri na kupangwa fainali chini ya mwezi mmoja baadaye. Hakumaliza robo saa. Lar Corbett akawafungia Tipperary magoli matatu, ikaisha 4-17 kwa 1-18. Uamuzi wa kumchezesha bado unabishaniwa. Sisi tunaona goti lilikuwa limekwishajibu kabla ya mpira kuanza.

Kichwa nacho hakina mzaha, helmeti au hakuna helmeti. O'Donnell alipata mtikisiko wa ubongo mazoezini 2019 na kukaa muda mrefu bila kuweza kusoma wala kutazama skrini. Alirudi taratibu, na mwaka 2024 Clare walipoifunga Cork 3-29 kwa 1-34 baada ya muda wa nyongeza, yeye ndiye aliyekuwa mchezaji bora wa mwaka.

Nani amefunga zaidi katika historia?

Kwa miongo mingi rekodi ilikuwa ya Eddie Keher wa Kilkenny, 35-336, aliyoimaliza mwaka 1977. Shefflin aliipita na kuacha 27-484, yaani 565. Canning akamaliza na 27-486 mwaka 2021: pointi mbili tu zaidi. Tangu hapo Patrick Horgan wa Cork na Reid wamezivuka zote, wote wawili zaidi ya 700.

Linganisha kwa tahadhari. Zamani kaunti iliyotolewa mapema ilicheza mechi moja au mbili kwa mwaka. Leo hakuna anayecheza chini ya nne. Nicky Rackard wa Wexford alifunga 7-7 katika mechi moja dhidi ya Antrim mwaka 1954, na ile nafasi ya kufunga magoli saba haipo tena, kwa sababu timu za sasa hazimwachi beki mmoja peke yake na mshambuliaji.

Mtu anaweza kuwa mkubwa bila medali ya ubingwa?

Horgan ndiye jibu. Alianza na Cork 2008, akastaafu 2025, akapoteza fainali za 2013, 2021, 2024 na 2025. Katika ile ya mwisho Cork waliongoza kwa pointi sita mapumziko, wakashindwa 3-27 kwa 1-18. Ukimwuliza beki yeyote aliyemkaba, hatakuuliza kuhusu medali.

Akiachana na kaunti anaacha kucheza?

Mara chache. Wengi huacha kaunti kati ya miaka 32 na 36 na kubaki klabuni, kwanza timu ya kwanza, kisha daraja la kati, kisha daraja la chini pamoja na wapwa zao. Shefflin aliachana na Kilkenny Machi 2015, siku chache baada ya kutwaa ubingwa na Ballyhale. Baadaye aliifundisha Galway kuanzia msimu wa 2022 hadi 2024. Na klabu haimwachi mtu salama eti kwa kuwa ana mataji: katika fainali ya klabu ya Februari 2022 Ballyhale walikuwa mbele kwa pointi mbili, muda ukiisha, Harry Ruddle wa klabu ya Ballygunner akapiga goli. 2-17 kwa 1-19.

Niko nje ya Ayalandi. Nitaona au kucheza wapi?

Mechi za kaunti huoneshwa na RTÉ, televisheni ya taifa ya Ayalandi, na kwenye huduma ya mtandaoni ya GAA+. Kwa walioko Ghuba kuna klabu Dubai, Abu Dhabi, Bahrain na Muscat, London wana timu yao inayocheza Ruislip, na New York hukutana Gaelic Park, Bronx. Klabu nyingi za ughaibuni humpokea anayeanza bila gongo wala helmeti, maana hukopesha. Ukinunua gongo lako la ashi na ukaishi kwenye joto, usiliache garini: hukauka, huwa jepesi, na hupasuka kwenye bapa. Lipake mafuta ya kitani kwa kitambaa, liache likauke kivulini, lihifadhi mahali pa baridi.